Digidigi wa Miguu Miwili ya Kushoto

Nimebeba mzigo!

— Utue tuuone!

Mzigo wangu una miguu!

— Uache utembee!

Mzigo wangu una mkia!

— Tuufuate mpaka mwisho!

Haya, sogeeni. Wa mbele wainamishe vichwa, wa nyuma waone mdomo wangu.

Zamani, zamani sana, wakati Kanga alikuwa bado hajamaliza kuhesabu madoa yake, palikuwa na mteremko ulioitwa Kimyani. Uliitwa Kimyani kwa sababu palikuwa kimya. Ukidondosha punje ya mtama kule juu, aliye chini anauliza, "Nani huyo kadondosha mtama?"

Chini ya mteremko palikuwa na chemchemi, na kuizunguka chemchemi palikuwa na nyumba tano. Ngiri alikaa shimoni. Nungunungu alikaa pangoni. Kanga alikaa kwenye majani marefu na vifaranga wake kumi na mmoja. Kobe alikaa ndani ya Kobe, lakini usingizi wake aliulalia hapo hapo Kimyani.

Nyumba ya tano ilikuwa kichaka cha miiba, na mwenyewe alikuwa Digidigi. Wapo wanaosimulia kwamba alikuwa Swala. Hapana. Swala ni mkubwa. Huyu alikuwa Digidigi, mwenye miguu kama vijiti, macho makubwa, na pua ndefu inayochezacheza hata akiwa hana la kunusa. Alikuwa na mume, lakini mume hayumo sana katika hadithi hii, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu, "Muulizeni mke wangu."

Digidigi alikuwa mwoga. Jani likianguka, anaruka. Akisharuka, anarudi kulitazama lile jani: limetoka mti gani, limeangukia upande gani, na kwa nini leo. Majirani walimcheka kwa hilo.

"Bi Digidigi," Kanga alikuwa akimtania, "hivi ukilala huwa unahesabu ndoto?"

"Sihesabu zote," Digidigi alijibu. "Za kutisha tu."

Basi juu kidogo ya zile nyumba palikuwa na uwanja mtupu. Kutoka uwanjani mpaka kichaka cha Digidigi ni hatua thelathini na nane. Hatua zake, si zangu.

Asubuhi moja Fisi akasimama katikati ya uwanja ule, akapaza sauti.

"Hodi, majirani! Hodi!"

"Jirani wa nani wewe?" akauliza Kanga. "Si unakaa kule ng'ambo ya kilima?"

"Nakaribia kuwa jirani, Mama Kanga. Nataka kujenga soko hapa. Soko kubwa! Huku nyama, huku mifupa, huku utumbo, na pale katikati ngoma. Wanyama watakuja kutoka pande zote. Kimyani itajulikana!"

Na Fisi akaanza kuimba huku akitikisa kiuno. Nikiuimba, ninyi nisaidieni mwisho:

*Jenga, jenga, soko jenga,*
*Mbavu huku, paja huku!*
*Majirani wakinuna,*
*Watazoea!*

— Watazoea!

Naam, ndivyo alivyoimba.

Ngiri akasimamisha mkia. "Soko lina maganda ya viazi?"

"Maganda tele, ndugu yangu!"

"Mimi sijaona ubaya," akasema Ngiri.

Nungunungu akatikisa miiba yake. "Nyama itakayouzwa ni ya nani?"

Fisi akakohoa. "Ya... ya waliojifia wenyewe."

"Na wakichelewa kujifia?"

Fisi akakohoa tena. Kanga naye akauliza vifaranga wake kumi na mmoja watalala saa ngapi na ngoma inalia. Kobe akasema yeye huvuka uwanja ule kwa nusu siku, na akija kukutana na kundi la nyumbu wanaokimbilia utumbo, atafikaje upande wa pili?

"Nyumbu hawali utumbo," akasema Fisi.

"Nyumbu wakiona wenzao wanakimbia, nao hukimbia," akasema Kobe. "Hawaulizi."

Ndipo Digidigi akatoka kichakani.

"Samahani, Bwana Fisi. Mimi nina maswali matatu. La kwanza, damu ya hilo soko itapita wapi? Maana uwanja uko juu, na chemchemi iko chini. La pili, soko litafungwa saa ngapi? La tatu, wageni wakikosa mahali pa kulala, watalala vichaka vya nani?"

"Hilo la kwanza litajulikana," akasema Fisi. "La pili litajulikana. Na la tatu nalo litajulikana."

"Lini?"

"Soko likishajengwa!"

Pua ya Digidigi ikacheza. Mnajua ni kwa nini aliogopa kuliko wenzake? Alikuwa na mimba, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mtoto wa digidigi akizaliwa, hulazwa majanini, akakaa hapo wiki mbili, hata tatu. Hasimami, halii, hatikisiki. Mama huenda akala, akarudi akamnyonyesha, akaenda tena. Mtoto yule hana pembe, hana mbio, hana shimo. Kinga yake ni kimya tu. Sasa ngoma ikilia hatua thelathini na nane kutoka hapo, na wageni wenye meno wakipitapita vichakani wakitafuta pa kulala, mtoto ataokoka kwa kitu gani?

"Mimi sikubali," akasema Digidigi, kwa sauti ndogo sana.

Sasa sikilizeni mila ya Kimyani, maana hadithi yote imesimama juu yake.

Kimyani mtu hakujenga kitu kipya mpaka majirani wote wakanyage udongo. Mwenye kutaka kujenga aliweka mawe bapa pale uwanjani, jiwe moja kwa kila nyumba, akayapaka udongo mbichi wa mfinyanzi. Kisha akatangaza mara tatu anachotaka kujenga. Jirani anayekubali alipanda juu ya jiwe lake, akasimamisha miguu yake ya mbele sambamba, uso ukielekea nyumbani kwake, ili asije akasema kesho kwamba aliisahau nyumba yake. Asiyekubali alipita kando. Jua likachoma udongo, na alama zikabaki. Walikuwa na msemo wao: udongo ukikauka, neno limekauka.

Fisi akaweka mawe matano. Akapaka udongo. Akatangaza mara tatu.

Kanga akapita kando, na vifaranga kumi na mmoja nyuma yake. Nungunungu akapita kando. Kobe akaanza kupita kando, akamaliza mchana. Digidigi akapita kando akirukaruka. Ngiri alisimama, akawaza maganda ya viazi, kisha akatazama chemchemi anakojigaragaza kila siku, akawaza damu. Akapita kando naye.

Fisi akabaki na mawe yake matano, laini, bila alama hata ya sisimizi.

"Watazoea," akanung'unika. Akaondoka akichechemea.

Lakini Fisi akishanusa mfupa, humwambii kitu. Alikaa nyumbani siku mbili, akawaza. Siku ya tatu akapata ujanja.

Alfajiri alikwenda chemchemini. Pale mahali pa kushukia majini palikuwa na utelezi. Fisi akaweka jiwe bapa, akalipaka udongo kidogo, akajificha nyuma ya ukangaga, yale majani marefu ya majini.

Ngiri akaja kunywa maji. "Loo! Nani ametuwekea jiwe tusiteleze? Mungu ambariki!" Akakanyaga, akapita. Fisi akatoka mbio, akalitoa lile jiwe lenye unyayo, akaweka jingine.

Kanga akaja. "Loo! Nani ametuwekea jiwe? Mungu ambariki!" Akakanyaga, akapita. Fisi akatoka mbio, akabadilisha jiwe.

Nungunungu akaja. "Loo! Nani ametuwekea jiwe? Mungu ambariki!" Akakanyaga, akapita. Fisi akatoka mbio, akabadilisha jiwe.

Kobe naye akaja. "Loo..." akasema Kobe. Jua likapanda. "Nani ametuwekea jiwe..." Jua likafika utosini. Fisi nyuma ya ukangaga anaungua mgongo, mbu wamemjaa masikioni, hawezi hata kujikuna. "Mungu... ambariki," akamalizia Kobe, akakanyaga, akapita.

Mawe manne tayari! Limebaki la Digidigi. Fisi akangoja. Akangoja mpaka jua likageuka. Digidigi hakuja.

Ninyi mnajua kwa nini hakuja?

— Tuambie!

Digidigi hanywi maji ya chemchemi. Hulamba umande asubuhi, akala majani mabichi, yakamtosha. Hayo kila jirani aliyajua. Fisi hakuyajua, kwa sababu hakuwa jirani.

Basi Fisi akamtafutia Digidigi mitego mitatu.

Mtego wa kwanza, alimfuata nyumbani. "Bi Digidigi, twende chemchemini ukanywe maji. Leo ni matamu!"

"Maji yana utamu gani?" akauliza Digidigi. "Yakiwa na utamu, yameingia kitu. Ahsante, nimeshalamba umande."

Mtego wa pili. Digidigi ana desturi moja ya usafi: choo chake ni kimoja, mahali pamoja, na njia ya kwenda chooni ni ile ile kila siku. Fisi akaweka jiwe lenye udongo katikati ya njia ile, akalifunika kwa majani makavu. Kesho yake Digidigi akaja, akasimama ghafla.

"Jana hapa palikuwa na majani sita," akasema. "Leo yamekuwa rundo."

Akaliruka rundo, akaenda zake chooni. Akarudi, akaliruka tena. Fisi akauma mkia wake kwa hasira.

Mtego wa tatu, Fisi akaweka jiwe lenye udongo, na mbele yake akatandaza majani machanga ya mkunazi, yale ambayo Digidigi akiyaona hujisahau. Digidigi akayaona. Mate yakamjaa. Akasogea hatua moja, akasogea hatua mbili. Akanyanyua mguu kukanyaga jiwe. Nyuma ya kichuguu Fisi akaziba mdomo asicheke.

Mguu ukabaki hewani.

"Mvua haijanyesha siku kumi na tisa," akasema Digidigi. "Hili jiwe limelowa vipi?"

Akarudisha mguu, akazunguka kwa nyuma ya jiwe, akala majani yote upande wa pili, akapangusa mdomo, akaenda.

Fisi akalia kwa uchungu. Majani ameyachuma mwenyewe, miiba imemchoma mwenyewe, na hakupata hata alama ya kidole.

Ila pale Digidigi alipozungukia, kwenye mchanga laini, palikuwa na alama ya ukwato mmoja. Fisi akaiinamia. Akaitazama sana. Kisha akakimbia nyumbani, akachukua mfupa wa paja, akaanza kuutafuna. Alitafuna huku akipima, akatafuna huku akipima, mpaka ncha ya mfupa ikawa sawasawa na ule ukwato. Akaugonga kwenye udongo mbichi wa jiwe la tano mara mbili, ta! ta! Alama mbili, sambamba. Ukitazama, utasema Digidigi kasimama hapo mwenyewe.

Akayabeba mawe yote matano mpaka uwanjani, jua likayakausha, naye akaenda kumwita hakimu, huku akiimba:

*Majirani wakinuna,*
*Watazoea!*

— Watazoea!

Hakimu wa nchi ile alikuwa Kifaru. Alichaguliwa kuwa hakimu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatiza akizungumza. Pua yake ilikuwa kali, masikio makali, lakini macho yalikuwa dhaifu. Alipofika Kimyani aliamkia kichuguu, akadhani ni Ngiri.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema Ngiri kutoka upande mwingine.

"Marahaba," akasema Kifaru, akageuka kama vile hakukosea. "Nimeambiwa hapa linajengwa soko, na majirani wamekanyaga udongo. Kweli?"

"Uongo!" wakasema wote.

"Mawe haya hapa, mheshimiwa," akasema Fisi kwa adabu nyingi. "Udongo umekauka."

Kifaru akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa jiwe la kwanza. "Ngiri. Unyayo huu ni wako?"

Ngiri akatazama. Akatazama tena. "Ni wangu, mheshimiwa, lakini..."

"Kanga. Huu ni wako?"

"Wangu! Umefikaje hapa?"

"Nungunungu?"

"Wangu."

"Kobe?"

Wakamngoja Kobe. "Wangu," akasema Kobe, na machozi yakamtoka.

"Zimebaki hizi za Digidigi. Udongo ukikauka, neno limekauka," akasema Kifaru. "Sasa nami nata..."

"Mheshimiwa!"

Kila mmoja akageuka. Nani kamkatiza Kifaru? Alikuwa Digidigi. Alitetemeka mpaka majani ya kichaka cha jirani yakatetemeka naye. Lakini alikuwa anayatazama yale mawe kama anavyotazama jani lililoanguka.

"Samahani sana, mheshimiwa. Nina mambo matatu."

"Yeye kila siku ana mambo matatu!" akasema Fisi. "Mheshimiwa, mwanamke huyu anaogopa hata kivuli cha mkia wake."

"Naogopa, ndiyo," akasema Digidigi. "La kwanza, mheshimiwa, mila yetu ni kusimama miguu sambamba. Gusa hapo kwa Ngiri. Mguu mmoja uko mbele, mwingine nyuma. Kanga, mmoja mbele, mwingine nyuma. Nungunungu hivyo hivyo, na Kobe hivyo hivyo. Hawa hawakusimama. Hawa walikuwa wanapita."

Kifaru akapitisha pua juu ya mawe. "Mmm. Endelea."

"La pili. Katika udongo wa Kanga kuna jani limegandamana. Jani la ukangaga. Ukangaga haumei hapa uwanjani, unamea chemchemini tu."

"Jiwe la kushukia majini!" Kanga akapiga kelele. "Jamani, na mimi nilimwombea baraka!"

"Nami nilimwombea," akasema Ngiri.

"Nami... nili..." akaanza Kobe.

"Tumejua, Mzee Kobe, tumejua!"

Fisi jasho likaanza kumtoka. "Hao tuwaache. Digidigi je? Miguu yake hii hapa, sambamba kabisa! Nilimwona kwa macho yangu amesimama."

"Uliniona?"

"Nilikuona!"

"Basi hilo la tatu nisaidie mwenyewe," akasema Digidigi. "Mimi mwoga, nasahau. Tuonyeshe nilivyosimama."

Majirani wakaleta jiwe bapa. Nungunungu akachota udongo mbichi, Kanga akaupaka kwa mabawa. Lakini kabla Fisi hajapanda, Digidigi akasema, "Ngoja. Mila haikubali udongo usiotangaziwa." Na pale, mbele ya wote, akatangaza:

"Udongo huu ni wa soko la Fisi. Soko litajengwa ng'ambo ya kilima, penye mawe meusi, maji yanakotelemka kwenda mbali na chemchemi yetu. Litafungwa jua likiwa bado juu ya kilima. Na mifupa itafukiwa. Anayesimama hapa amekubali."

"Nimesikia, panda tumalize!" akasema Fisi. Alikuwa anamtazama Kifaru asimnuse.

Digidigi akatangaza mara ya pili, maneno yale yale.

"Nimesikia, nimesikia! Maneno mengi kama mvua ya masika!"

Akatangaza mara ya tatu.

"Nimesikiaaa!" Fisi akaruka juu ya jiwe, akasimamisha miguu ya mbele sambamba, uso ukielekea kwake ng'ambo ya kilima. "Hivi! Alisimama hivi! Umeridhika?"

"Nimeridhika. Shuka."

Fisi akashuka. Zikabaki alama mbili, wazi kabisa.

"Mheshimiwa, gusa miguu ya Fisi. Wa kushoto una upande wake, na wa kulia una upande wake. Haifanani, inatazamana kama mtu na kivuli chake majini. Sasa gusa hizi anazosema ni zangu. Ukwato wangu wa kushoto una pengo dogo upande wa nje. Nililipata nikiruka jabali. Wa kulia hauna." Akanyanyua mguu wa kulia, Kifaru akaunusa, kweli mzima. "Lakini hapo kwenye jiwe, alama zote mbili zina pengo, na mapengo yote mawili yako upande mmoja. Mheshimiwa, mimi naogopa mambo mengi. Lakini hata usiku wa ndoto mbaya sijawahi kuota nina miguu miwili ya kushoto!"

Kimyani ikaacha kuwa kimya siku hiyo. Kanga alicheka mpaka madoa yakachanganyika, akaanza kuyahesabu upya. Nungunungu alicheka miiba ikadondoka. Ngiri akajaribu kutembea kwa miguu miwili ya kushoto, akazunguka mahali pamoja mpaka akaanguka.

Kifaru akanusa tena zile alama. "Nasikia harufu," akasema. "Nasikia mfupa. Mfupa wa paja. Na mate ya..." Akageuza pua polepole. "Fisi. Una nini shavuni?"

Jamani! Mlaghai mwingine angeutupa ule mfupa mtoni, au angeufukia. Lakini mlishamwona Fisi akatupa mfupa? Alikuwa ameuficha shavuni, aje aumalizie baadaye. Akataka kusema "Sina kitu," lakini Fisi akiogopa hucheka, hajizuii. Akacheka, hiii hi hi hi! Na mfupa ukadondoka, kop! mbele ya Kifaru, ncha yake ukwato wa kushoto wa Digidigi, na pengo lake.

"Mawe haya matano hayana neno," akasema Kifaru. Akayakanyaga, moja, mbili, tatu, nne, tano, yakawa unga. "Soko hapa halijengwi."

Halafu akainama kwenye jiwe la sita. Jua lilikuwa kali siku hiyo. Udongo ulikuwa umekauka.

"Na hili?"

"Hilo nilikuwa naonyesha tu!" akalia Fisi.

"Ulitangaziwa?"

"Nilitangaziwa, lakini..."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa siri?"

"Mbele ya wote."

"Ukajibu nini?"

Fisi akakuna sikio. "Nikajibu nimesikia."

"Basi udongo umekauka," akasema Kifaru. "Soko si dhambi, Fisi. Wanyama wanalihitaji. Jenga. Ila utajenga palipotangazwa, utafunga ilivyotangazwa, na mifupa utafukia."

"Nifukie mifupa? Mimi? Mheshimiwa, hiyo ni adhabu ya kufa!"

Hapo Kanga akapanda juu ya kichuguu, akaanza kutikisa kiuno. Na ninyi nisaidieni:

*Jenga, jenga, soko jenga,*
*Penye mawe, mbali huko!*
*Bwana Fisi akinuna,*
*Atazoea!*

— Atazoea!

Na kweli alizoea. Soko lilijengwa ng'ambo ya kilima. Ngiri alikwenda huko kila asubuhi kula maganda, akarudi kabla ya jua kushuka. Kobe alikwenda mara moja tu, kwa sababu alipofika walikuwa wanafunga.

Naye Digidigi alijifungua siku ya tisa baada ya hukumu. Akamlaza mtoto majanini, akampapasa kwa pua, akatoka kula. Alikwenda hatua kumi, akasimama, akasikiliza. Ngoma ya soko ilikuwa mbali, kama moyo wa mtu aliyelala. Akaenda hatua ishirini, akasikiliza. Akaenda hatua thelathini na nane, akafika uwanjani. Palikuwa na nyasi tu. Kule juu mtu akadondosha punje ya mtama, Digidigi akaisikia.

Akala akashiba, na siku ile, mara ya kwanza, hakuhesabu majani.

Basi hadithi inatufundisha: ukitaka kujenga karibu na watu, waulize kwanza, na ukishawauliza, ngoja jibu lao. Mtu kupita njiani kwako siyo kukubali. Na jirani mwenye maswali mengi msimcheke. Huenda ndiye anayewalindia maji.

Mzigo nimeutua!

— Tumeupokea!

Una uzito?

— Tutabeba!

Anayekwenda nyumbani na apite taratibu kwenye majani. Kuna mtoto amelala.